Kiatu cha Pande Mbili za Daraja

Saa tatu asubuhi. Mama Soli anashika kiatu cheusi kwa mikono miwili, anakikunja mpaka ncha inakaribia kisigino, kisha anakisogeza sikioni kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbovu. Kimya. Anakiachia, kinarudi kwenye umbo lake. Anakiweka kwenye kikapu cha kushoto na kuchukua kingine. Hiki kinatoa mlio mwembamba: kriii.

"Umesikia?" anauliza bila kuinua kichwa. "Huyu analalamika. Gundi haijashika vizuri. Akifika mguuni kwa nesi aliyemwagiza atalalamika zaidi, na nesi naye ataleta malalamiko kwangu."

Upande wa pili wa meza, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni anasimamisha cherehani yake.

"Wifi, hicho kiatu kimepita," anasema. "Mteja hakivai sikioni, anakivaa mguuni."

"Ndiyo maana nyinyi mlikuwa mnaweka makaratasi ndani."

Chumba kizima kinaangua kicheko. Ni utani wa kila siku, lakini mafundi saba waliopo hapa hawauchoki. Kiatu kinacholalamika kinarudishwa kwenye meza ya gundi. Katika suala hilo, kama katika mengi yanayohusu soli, Mama Soli ndiye mwenye neno la mwisho.

Karakana yenyewe ni chumba kirefu chenye madirisha makubwa. Mgeni hushangaa kuona masinki ya kunawia mikono yamefungwa chini kabisa, usawa wa magoti, na bata wa rangi ya njano wamechorwa ukutani. Zamani hapa palikuwa chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi wa kiwanda. Kiwanda chenyewe, majengo manne ya matofali yaliyo nyuma ya chumba hiki, hakina hata mashine moja leo.

"Binti yangu alijifunzia kutembea hapo ulipokaa," Mama Soli anamwambia mwandishi. "Sasa ana watoto wawili, na mimi nimerudi chekechea."

Mji huu umekatwa na mto katikati, na kwa muda mrefu mto huo ulikuwa mpaka wa nchi mbili na wa mambo mengine mengi. Upande wa huku kilitawala chama cha kikomunisti: viwanda, maduka, nyumba na hata saluni vilikuwa mali ya serikali. Ng'ambo kulikuwa na ubepari: kila mtu na duka lake, na asiye na duka anafanya kazi kwa mwenye duka. Daraja lilikuwepo, lakini lilifungwa. Watu wa pande zote mbili waliliona kila siku bila kulikanyaga.

Kabla halijafungwa, kaka yake Mama Soli alivuka kwenda kuoa ng'ambo. Alimwoa binti wa fundi viatu aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya nyumba. Huyo binti ndiye wifi wa leo, mwenye miwani ya kamba. Miaka kumi na saba ilipita kabla mawifi hao hawajaonana uso kwa uso.

Huku nako, Mama Soli aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na minane. Walikuwa watu elfu mbili. Alipangiwa kitengo cha kukata na kubandika soli, na jina likamganda hapo hapo, ingawa wakati huo hakuwa mama wa mtu yeyote.

"Maisha yalikuwa mepesi upande mmoja na mazito upande mwingine," anasema. "Kazi unayo. Nyumba unayo, kodi yake kama hakuna. Mtoto anapokelewa hapa asubuhi, unamchukua jioni ameshakula na kuoga. Zahanati ipo getini. Mambo ya kufukuzwa kazi tulikuwa tunayasikia redioni tu, kwamba yanatokea ng'ambo."

Uzito ulikuwa wapi?

"Viatu!" anacheka. "Watu elfu mbili tunatengeneza viatu, na mji mzima hauna viatu."

Anaeleza. Kiwanda kilipimwa kwa idadi ya jozi kilizotoa. Ngozi ililetwa kwa mgawo, haitoshi kamwe. Ukitaka kufikisha idadi kwa ngozi kidogo, unafanyaje? Unashona viatu vidogo. Basi ghala likajaa viatu vya miguu ya watoto, huku watu wazima wakipanga foleni iliyozunguka kona ya barabara. Rangi ilikuwa nyeusi. Mwaka mmoja ikaletwa ya kahawia, watu wakasherehekea, kisha ikapotea isionekane tena.

"Pesa tulikuwa nazo kidogo, cha kununua ndiyo hakuna," anasema. "Wifi ananiambia kwao viatu vilijaa madirishani, watu wanasimama nje wanavitazama, wa kununua ndiyo hana pesa. Sasa niambie, nani alikuwa na nafuu? Wote tulikuwa pekupeku."

Kwa haki ya kiwanda, anaongeza, soli ilikuwa soli. Nene, nzito, haiishi. Mumewe, mstaafu wa reli ambaye huwaletea mafundi chakula cha mchana, bado ana jozi moja ya enzi hizo. "Ni vibaya kiasi kwamba hata mwizi alivirudisha," anasema mzee huyo, na haikufahamika mara moja kama anatania.

Katika miaka ile ya kufungwa kwa daraja, vifurushi vichache viliruhusiwa kupita. Siku moja kikaja kimoja kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na viatu vyekundu vyenye visigino vyembamba. Wifi alikuwa amevishona mwenyewe.

Mama Soli alivivaa kwenye harusi ya jirani. Wanawake waliacha kumtazama bibi harusi. Kisha mvua ikanyesha, na kabla hajafika nyumbani kiatu cha kulia kilikuwa kimefunua mdomo kama chura.

Mtu mwingine angelia. Yeye alikaa mezani akakifumua, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka kikabaki vipande. Kati ya soli na ngozi ya ndani alikuta karatasi ngumu, ile ya maboksi, imelowa na kuvimba.

"Nilicheka mpaka mume wangu akaja kutazama. Nikamwambia, huu ndio ubepari wenyewe, juu nyota chini boksi." "Lakini nilipougeuza ule mshono wa juu, sikucheka tena. Ulikuwa umenyooka, mdogo mdogo, umezunguka kisigino bila kukatika. Kiwanda chetu chote hakikuwa na mtu wa kushona vile. Nilikaa nikautazama muda mrefu sana."

Wifi, anayesikiliza huku akijifanya hasikilizi, anaingilia kati. "Karatasi ile aliweka baba, si mimi. Mwenye duka kubwa alikuwa anataka bei ya chini, na bei ya chini inatoka wapi? Inatoka mahali ambapo mteja haoni."

Kisha chama kikaanguka, na daraja likafunguliwa. Watu walivuka wakilia na kucheka. Kaka alimkumbatia dada yake katikati ya daraja, na mawifi wakatazamana miguu kabla ya kutazamana nyuso, kama mafundi viatu wafanyavyo.

Furaha haikudumu sana huku. Kiwanda kiligawanywa hisa, kila mfanyakazi akapewa karatasi yake, lakini mishahara ilikuwa imesimama na watu walitaka unga. Mfanyabiashara mmoja alizikusanya hisa zile kwa bei ya chee na kuahidi kukifufua kiwanda. Alichokifufua ni biashara ya vyuma chakavu. Mashine zilipakiwa kwenye malori, moja baada ya nyingine.

"Mashine yangu niliijua mlio wake," Mama Soli anasema. "Walipoinyanyua, nilienda dukani kununua kitu ambacho sikukihitaji, ili nisione."

Watu elfu mbili wakabaki mikono mitupu. Nyumba walibaki nazo, kwa sababu serikali mpya iliwaachia wapangaji, na Mama Soli anasema hilo ndilo lililowaokoa wengi. Lakini nyumba haipikwi. Akavuka daraja kwenda kuomba kazi kwa wifi, ambaye wakati huo alikuwa na duka lake, lenye dirisha la kioo na taa.

Huko alijifunza jambo ambalo hakuwahi kulisikia kiwandani: mteja.

"Kule mteja akiingia, wewe unasimama. Huku kwetu mteja ndiye alikuwa anasimama, sisi tumekaa," anasema. "Wiki ya kwanza wifi alinifundisha kutabasamu. Nilimwambia, wifi, mimi najua kushona, kucheka sijalipwa. Akasema, hapana, umelipwa kwa kucheka, kushona ni nyongeza."

Na malipo yalikuwa mazuri. Mshahara wa wiki moja ng'ambo ulikaribia wa mwezi mzima huku, kwa wale wachache waliokuwa bado wanalipwa. Kwa mwaka na ushei alivuka asubuhi na kurudi jioni. Alinunua friji. Binti yake akaendelea na masomo.

Kisha msimu mmoja biashara ikadorora. Jioni, wakati wa kufunga, wifi alimwambia maneno mawili: "Kesho usije."

Mama Soli anayasema polepole, hata sasa. "Sikuelewa. Nikauliza, nije keshokutwa? Akasema, hapana wifi, kazi hakuna. Nilivuka daraja macho makavu. Nililia nyumbani, kwa sababu mume wangu aliniuliza, 'Umekosa nini?' Sikukosa kitu. Kwetu mtu alikuwa hafukuzwi hata akilala kazini. Na mimi sikulala."

Wifi anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya aproni. "Kwetu ilikuwa kawaida," anasema. "Baba yangu aliambiwa hivyo mara nyingi kabla hajawa na karakana yake. Duka likiyumba, unapunguza mtu, ndugu au si ndugu. Nilidhani nafanya biashara. Sikujua navunja undugu."

Hawakusemezana kwa miaka minane. Kaka alibaki katikati, anavuka daraja kusalimia huku, anarudi kusalimia kule, hakubaliki popote. "Nilibanwa kama unyayo," anasema kwa simu, akicheka. "Huku ngozi, kule soli, mimi ndiye nanuka jasho."

Katika miaka hiyo Mama Soli aliwatafuta wenzake wanne wa kiwandani, wakapanga chumba hiki cha bata wa njano kutoka halmashauri, wakaanza kutengeneza viatu vilivyochakaa. Walipata tabu, walipata pia sifa. Mtu aliyebandikiwa soli hapa hakurudi haraka, jambo ambalo, Mama Soli anakiri, si zuri sana kwa biashara. Polepole wakaanza kushona viatu vipya. Vilikuwa imara. Uzuri, hapana.

Upande wa pili mambo yaligeuka. Maduka makubwa yalijengwa, yakileta viatu kwa makontena kutoka mbali, vya bei ambayo fundi hawezi hata kununulia ngozi. Madirisha ya maduka madogo yalizimika moja moja. Dirisha la wifi lilikuwa la mwisho katika mtaa wake. Benki ikalichukua duka.

Siku aliyokuja hapa, mafundi wanaikumbuka wote. Alisimama mlangoni na kigari cha magurudumu mawili, juu yake cherehani iliyofunikwa shuka. Kaka alikuwa nyuma yake, anatazama chini.

"Hodi," alisema.

"Karibu," Mama Soli alijibu.

"Wifi, sikuja kusalimia. Nimekuja kuomba kazi."

Mama Soli alimtazama wifi yake miguu. Visigino vilikuwa vimelika upande mmoja mpaka misumari inaonekana. "Ukimwona fundi viatu ana kisigino kama kile," anasema, "ujue ameshikwa pabaya. Maneno yote niliyoyaweka miaka minane nikayaacha."

Alimjibu maneno mawili: "Kesho njoo."

"Nilijua kwa nini ameyachagua maneno hayo," wifi anasema. "Afadhali angenitukana. Nililia njia nzima, mume wangu anasukuma kigari."

"Cherehani uliirudisha ya nini?" Mama Soli anadakia. "Si ungeiacha hapa?"

"Ningejuaje kama hutabadili mawazo? Wifi ni wifi, hata awe malaika."

Kiatu chao cha kwanza cha pamoja kilikuwa aibu. Sura ya ng'ambo, soli ya huku: mbele chembamba kama kalamu, chini kizito kama tofali. Walishona jozi arobaini. Zilirudi karibu zote. Moja ilirudi na mtu aliyechechemea.

Kisha ukaja mwaka mbaya, na ndani yake ugomvi mkubwa. Wateja walipungua, na wifi, kama alivyozoea, alipendekeza watu wawili wapunguzwe. "Anzeni na mimi, niliyekuja mwisho," alisema. Mama Soli alikataa katakata. Katika chumba hiki, alisema, neno lile la kupunguza watu halitatamkwa. Kila mtu atafanya nusu siku kwa nusu malipo, mpaka hali itengemae.

"Haya ndiyo yaliyoua kiwanda chenu!" wifi alipaza sauti. "Kila mtu yupo, kazi haipo!"

"Na hayo ndiyo yaliyoua duka lako," Mama Soli alijibu. "Kazi ilipokuja, watu ulikuwa umeshawafukuza."

Walipiga kura. Pendekezo la nusu siku likashinda. Lakini haikuwa bure. Mkataji ngozi wao bora, aliyekuwa na wazazi wagonjwa wa kuwalisha, hakuweza kuishi kwa nusu. Aliaga bila ugomvi, akavuka daraja, na leo ni mlinzi katika duka kubwa linalouza viatu vya makontena. "Kila nikimwona na zile sare, roho inaniuma," Mama Soli anasema. "Sijui kama nilifanya sawa. Wenzake watano walipona, yeye ndiye aliyelipa."

Aliyewatoa kwenye shimo ni wifi. Nusu siku zile asizofanya kazi, alikuwa anakwenda hospitali ya ng'ambo kumuuguza mama yake. Akaanza kutazama miguu ya manesi. Wanasimama tangu asubuhi, wanatembea kwenye sakafu zenye maji, na kila mmoja amevaa raba aliyoipata popote. Akawauliza wapi panauma. Wakamwambia, tena kwa hamu, maana hakuna aliyewahi kuwauliza.

Alirudi na kazi mpya kabisa. Mama Soli aliikata soli yake upya, akaipunguza uzito, akaiwekea mistari isiteleze. Wifi alishona juu mshono wake ule, mdogo mdogo, kwa ngozi laini isiyobana kidole gumba. Walijaribu, wakafumua, wakajaribu tena. Nesi wa kwanza kuvaa alirudi baada ya wiki, wote wakashika vichwa. Kumbe amekuja na wenzake watano.

"Ningekuwa peke yangu, ningetengeneza kiatu kizuri, nikakaa nacho hapa nasubiri serikali ije kukichukua," Mama Soli anasema. "Yeye alikwenda kuuliza. Sisi kuuliza hatukufundishwa."

"Na mimi ningekuwa peke yangu," wifi anasema, "ningeweka boksi."

Leo manesi, wapishi na wahudumu wa hoteli kutoka pande zote mbili ndio wateja wao. Mafundi wamefika tisa, ukihesabu mawifi wenyewe. Malipo ya hapa bado hayafiki ya ng'ambo. Kwa kazi ya aina hii, fundi wa kule hupata karibu mara moja na nusu. Barabara za kule ni laini zaidi na taa zao haziwaki kwa zamu. Huku, watu wengi hawana deni la nyumba, na ada ya mtoto chekechea haimzuii mama kufanya kazi. Ukiwauliza mawifi upande upi ulikuwa bora, wanajibu kwa pamoja, kila mmoja akionyesha upande wa mwenzake, kisha wanabadilishana, kila mmoja akionyesha upande wake.

"Waliokuwa wanatupangia mambo, wa huku na wa kule, wote walikuwa na viatu vizuri," Mama Soli anasema, na kurudi kwenye kikapu chake.

Saa sita mzee wa reli anaingia na masufuria. Watu wanakula kwenye meza ndefu, wakisukuma vipande vya ngozi pembeni. Ni wakati wa kula ndipo Mama Soli anapotangaza mpango wake, ambao ni wazi wifi anausikia si kwa mara ya kwanza.

Enzi za kiwanda, wafanyakazi walikuwa na nyumba za mapumziko milimani, na kila mmoja alikwenda na familia yake kila mwaka bila kulipa. Moja ya nyumba zile bado ipo, sasa ni ya mtu binafsi, inapangishwa. Mama Soli anataka mwaka kesho karakana ifungwe wiki mbili, wote waende, na malipo yao yaendelee.

"Wiki mbili!" wifi anashika kifua. "Wateja watatuhama!"

"Watatusubiri. Viatu vyetu haviishi ndani ya wiki mbili."

Wifi, inabainika, hajawahi kupumzika maishani mwake. Alipokuwa na duka, kufunga siku moja ilikuwa kumpa jirani wateja. Alipojifungua, alirudi kwenye cherehani kabla mtoto hajafumbua macho vizuri. Anamgeukia wifi yake na kuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu.

"Huko milimani, mkifika, mnafanya nini?"

"Hamfanyi kitu."

"Siku nzima?"

"Siku nzima. Unakaa nje na blanketi. Ukichoka kukaa, unalala."

Wifi anaweka kijiko chini. Anatazama dirishani, anatikisa kichwa, anaonekana kupiga hesabu fulani ambayo haikubali.

"Basi wiki moja," anasema hatimaye. "Hiyo ya pili tutaongea tukiwa huko huko."